Kaburi la Gozbert Ng'ambo ya Mpaka

Mwalimu Alistidia alivaa gauni lake la kanisani, akafunga kitambaa kichwani, kisha akachukua jembe. Majirani wa Rubya walijua jinsi alivyolilinda jina la marehemu mumewe, Gozbert. Hata mlevi hakuthubutu kulitaja ovyo mbele yake. Walipomwona anashuka kibanjani, kwenye shamba la migomba la ukoo, na jembe begani katika nguo zile, wakamfuata.

Ukoo ulikuwa umemjia juzi. Avit, mtoto wa shemeji yake Mujuni, alikuwa mahabusu Bukoba. Alimkata jirani yao Rwegasira kwa panga hadi kufa, wakigombea ukanda wa migomba mpakani. Mujuni alitaka Mwalimu aliambie baraza la ardhi kwamba ukanda ule ni wa ukoo tangu enzi za babu. Nani angembishia mwalimu mstaafu? Tena kaburi la Gozbert si limo humo humo?

Neno hilo la kaburi ndilo lililomchoma. Siku ya mazishi, Mujuni aliwapeleka wachimbaji kule chini kabisa, mbali na makaburi ya wazazi, naye Mwalimu akadhani ni uchungu umemchanganya shemeji. Wakati huo alikuwa bado anafundisha mjini Bukoba na kuishi huko huko, kata ya Nyanga, wala hakuijua vizuri mipaka ya kibanja. Alipostaafu na kurudi, aliambiwa Rwegasira alikuwa amewauzia kipande kile. Ni msibani kwa Rwegasira, alikokwenda peke yake wakati ukoo mzima umejifungia ndani, ndiko mjane Kokugonza alikomwambia kwamba hawakuuza hata mgomba mmoja.

Jana alikwenda kwenye ukanda ule akafukua majani makavu. Akakuta visiki vya mulamula wa zamani, mmea wa mpaka, vikichipua kwa mstari mnyoofu. Vyote vilikuwa upande wa huku wa kaburi; ng'ambo yake kulikuwa kumepandwa mulamula mpya. Mumewe alikuwa amezikwa kwa watu, ili atumike kama kigingi.

Violeth, bintiye aliye muuguzi Ulaya, alimwambia kwenye simu kwamba hata kule vijana wanauana, na wengi hawana shamba la kugombea. Wana kazi iliyopotea na heshima iliyokwenda nayo. Mwalimu alimfikiria Avit. Kibanja cha babu kiligawiwa wana, kikagawiwa wajukuu, hadi kijana akabaki na migomba isiyotosha kumlisha mke. Kisha baba yake akamwonyesha ng'ambo ya kaburi na kumwambia kuwa urithi wake uko kule.

Sasa Mujuni alisimama mbele yake, kati ya migomba.

"Mama Violeth, unataka kumtupa kaka yangu kwa watu?"

"Ulimtupa wewe, ukamfukia. Mimi naweka mpaka mahali pake."

"Pombe ndiyo iliyoua. Ardhi haikushika panga."

"Rubisi tunakunywa sote, shemeji. Mwanao ulimpa na deni la kudai kwa mtu asiyedaiwa. Hilo nitalisema barazani, na mahakamani nikiitwa."

Mujuni alisema ukoo utamkana. Mwalimu alimjibu kwamba jina la Gozbert alilichukua kanisani, si kwenye kikao cha ukoo, akaendelea kuchimba. Aling'oa mulamula wa uongo mmoja baada ya mwingine, akaipanda upya kwenye mstari wa visiki. Udongo ulichafua gauni hadi magotini. Hakuna aliyemsaidia, wala aliyemzuia.

Kokugonza alikuwa amesimama upande wake wa mpaka, mikono kifuani.

"Na kaburi, waitu Mwalimu?"

"Litakaa kwenu. Nikija kulipalilia, nitapiga hodi."

"Hodi hiyo sitaiitikia leo."

"Leo sijaipiga."

Akaushindilia mche wa mwisho kwa kisigino, akalipita kaburi la mumewe bila kuvuka mstari, akapanda kwenda nyumbani na jembe lake.