Kujivua Haki Mbele ya Hakimu

Siku yangu ya kwanza mahakamani hapa Rusizi, rais wa mahakama, yaani hakimu mkuu, aliniuliza maana ya kujivua haki. Nilikuwa nimetoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Congo, nilikokulia, na Kifaransa changu kilinipa jeuri. Nikajibu upesi: ni kuacha kilicho chako. Akatikisa kichwa.

"Tena akijue anachoacha, na asisukumwe na muntu. Ukitafsiri, Maman, leta yote, hata kuguna kwake."

Ndiyo kazi ya mkalimani wa mahakama: unaapa, unasimama karibu na mtu, unapeleka maneno yake kwa hakimu bila kupunguza. Nimewatafsiria waliojivua uraia, na waliojivua haki ya rufaa, yaani ya kupinga hukumu katika mahakama ya juu. Lakini mambo ya urithi ndiyo yaliyonitoa jasho.

Alikuja mwanamke wa Giheke, aliyerudi kutoka Congo kama mimi, pamoja na kaka zake wawili. Baba yao alikuwa amefariki, na sheria inampa binti fungu sawa. Kaka walidai dada amejivua fungu lake la shamba. Walikuwa wamekwisha kunywa naye pombe ya ndizi ya kumshukuru, na kwetu aliyekunywa amekubali.

"Minakubali," alisema, macho kwa kaka mkubwa.

Kila mara niliomba ruhusa ya rais ili mtu ataje mwenyewe anachoacha. Nikaruhusiwa, nikamwuliza dada anaacha nini.

"Ni shamba yenye nilitaka kujenga. Sina pengine. Lakini banasema nikikatala, habatanizika siku nikikufa."

Kaka mkubwa akaniinamia. "Ile usitafsiri, Maman. Ni mambo ya jamaa."

Nilitafsiri yote kwa Kinyarwanda, na ile ya kaka pia. Rais akakataa kujivua kule, fungu likabaki la dada. Kaka zake wakaondoka bila kumuaga, naye akalia. Niliona fahari na uchungu kwa pamoja.

Sasa nimestaafu, na sioni haya kujisifu: hakuna aliyeacha haki yake kwa kinywa changu bila kujua anaacha nini. Vijana mnaoanza, ulimi wenu usiwe na ndugu.

Yule mwanamke wa Giheke alijenga palepale shambani. Kaka zake walimnunia muda mrefu. Kisha mama yao mzazi akaugua, akahitaji nyumba yenye nafasi na mtu wa kumtunza, na kaka mkubwa ndiye aliyembeba mgongoni, akabisha hodi kwa dada yake.