Sindano ya Uzi wa Kijani

Nilimpokonya mtoto mchanga mto wake, nikauchana kwa wembe mbele ya wageni arobaini na kitu.

Siku ya sherehe yake.

Na mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu.

Sufi ikaruka. Ikatua kwenye pilau, ikatua kwenye soda, ikatua kwenye wigi la shangazi wa watu. Sauti ikasema, "Si niliwaambia?" Simu zikainuliwa kunirekodi.

Baadhi yenu mliiona ile video kwenye magrupu. Mliona mwisho, mwanzo hamkuuona. Kaeni niwape.

Naitwa Tumpe, nakaa Ilomba, Mbeya. Shule niliishia la saba, lakini sindano nimeishika kabla sijashika kalamu. Kwangu hakuna kochi lisilo na kitambaa wala sufuria isiyo na kishikio chake. Ndugu akioa, namshonea mito. Jirani akihamia nyumba mpya, namshonea pazia la jikoni. Siuzi. Ukinipa hela nanuna.

Nina sindano saba za mkono. Kila moja ina uzi wake: nyekundu, nyeusi, nyeupe, njano, bluu, kahawia na kijani. Nazichomeka kwenye kimto kidogo nilichokijaza nywele zangu mwenyewe, maana mafuta ya nywele huzuia kutu. Msinifikirie vibaya, ndivyo mama yangu alivyonifundisha.

Kila jioni, kabla sijaifunika cherehani, nazihesabu. Saba. Ndiyo nalala.

Sasa mwanangu Ombeni, fundi wa malori kule Ipogolo, Iringa, akapata mtoto wa kike. Mke wake ni Violet, binti wa Kihehe, mpole, ila ukimuudhi anakuangalia tu mpaka unaomba msamaha mwenyewe.

Mtoto akaitwa Tusekile, jina la kwetu.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mama yake Violet, Rozalia, alitaka jina la mama yake mzazi. Hakugombana. Ila kila nikimpigia simu, jibu lake lilikuwa moja tu.

"Sawa."

Mkwe, mvua huko zimenyesha? "Sawa."

Nikajua huyu mama ana jambo na mimi.

Nikaamua kumshonea mtoto mto wa kichanga, uwe zawadi ya sherehe ya kumtoa nje. Vipande kumi na viwili. Kimoja cha shati la Ombeni alilovaa siku ya kipaimara, kimoja cha kitenge nilichovaa nikipeleka barua ya posa, kimoja cha gauni la Violet aliloliacha kwangu alipokuja kutusalimia. Ndani nikajaza sufi, nimeichambua kwa vidole siku mbili, hakuna hata mbegu.

Jumatatu asubuhi nikawa nafungia upande wa mwisho kwa uzi wa kijani. Dereva wa bajaji anapiga honi nje.

"Bibi, basi litaondoka na mzigo wako utabaki!"

Nikachomeka sindano palepale kwenye mto ili nikate uzi kwa meno. Nikakata. Nikafunga mto kwenye mfuko. Nikakimbia.

Niliporudi kutoka stendi, homa ikanilaza siku nne. Ombeni akasema, "Mama, usije, pumzika. Mto umefika." Nikashukuru.

Ijumaa alasiri nikapata nguvu. Nikavuta kimto changu nihesabu, kujifurahisha tu.

Sita.

Nikarudia. Sita.

Nikapindua mkeka, nikakung'uta kila kitambaa. Nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaiburuza nyumba nzima mpaka chini ya kitanda. Ikanasa pini nne, msumari, kibanio cha nywele na kifuniko cha soda.

Sindano hakuna.

Nikaziangalia rangi zilizobaki. Ya kijani ndiyo haipo.

Jamani, ndiyo niliyofungia mto.

Nikampigia Violet.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tusekile hajambo?"

"Hajambo, amelala kwenye mto wako. Yaani mama, ukimtoa hapo tu, analia!"

"Violet, huo mto..."

Nyuma ya simu nikasikia sauti. Ni Evarista, shangazi yake Violet. Mwanamke huyo akiazima chumvi kwako, mtaa mzima utajua umebakiza kiasi gani. "Ni Mbeya hao? Waambie zawadi za mbali huku tunaziombea kwanza!" Wakacheka wote.

Maneno yakarudi tumboni.

"Mto umefanyaje mama?"

"Nilikuwa nasema... uanikeni juani. Mtoto asiulalie kwanza."

"Tuliuanika jana. Pumzika bwana, una homa."

Akakata.

Nikatoka mbio kwa jirani yangu Severina, nikamweleza. Akaacha kupepeta mahindi.

"Umewaambia?"

"Bado."

"Usithubutu! Sindano ndani ya mto wa mtoto, tena imetoka kwa mama mkwe? Wewe Tumpe, hilo kwetu lina jina moja, na kwao lina jina hilohilo. Utaitwa kikao. Mjukuu utamwona kwenye picha."

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda mwenyewe. Uitoe kimyakimya."

Nilimsikiliza. Hilo ndilo kosa langu, na sitamsingizia Severina. Masikio yalikuwa yangu.

Ujumbe wa simu nao niliuogopa. Neno sindano likishaandikwa, nani atalifuta?

Usiku huo sikulala. Jumamosi alfajiri nikapanda basi la kwanza, wembe mpya kwenye mkoba, umefungwa kwenye karatasi.

Kama hujawahi kusafiri ukiwa na wasiwasi, hujui jinsi basi linavyoweza kutembea kwa makusudi. Linasimama watu wanunue vitunguu. Linasimama kwenye mzani. Mimi navuta uzi wa sweta, nausokota, navuta mwingine.

Igawa akapanda mama mmoja wa Kisukuma kutoka bonde la Usangu, mtoto mgongoni. Akajitambulisha, Shija, mume wake anafuga. Akakaa pembeni yangu.

"Bibi, unahesabu nini? Tangu nimekaa unahesabu vidole."

Sijui kwa nini, nikamwambia yote. Mgeni humwogopi.

Akanyonyesha kwanza, akafikiri. Kisha akasema, "Kwetu ng'ombe akipotea, mchungaji anasema siku hiyohiyo, hata akijua atachapwa. Ukikaa kimya, fisi ndiye atakuja kusema."

Lile neno likanichoma kuliko sindano yenyewe.

Nikatoa simu. Nampigia Ombeni, inaita, hapokei. Nampigia Violet, haipatikani. Ombeni tena. Mara tatu. Mara ya nne simu yangu ikazima, chaji kwisha.

Makambako. Mafinga. Kila mtoto aliyelia njiani nilimsikia Tusekile.

Nilishuka Ipogolo saa saba mchana, nikachukua bodaboda. "Kimbiza baba." Turubai la bluu nikaliona kwa mbali, spika zinapiga kwaya. Nikaingia bila kubisha hodi wala kusalimia.

Mtoto alikuwa katikati ya mkeka, amevaa kigauni cheupe. Kichwa chake kiko kwenye mto wangu.

Hapo akili iliniruka. Nilipaswa kusema. Nilipaswa hata kusema "Kamwene," salamu ya kwao. Badala yake nikamwinua mtoto, nikampachika Violet mikononi, nikatoa wembe.

Chaaa!

Mengine mnayajua.

"Mama! Umepatwa na nini?" Ombeni huyo, ananishika mikono.

"Niache, natafuta!"

"Unatafuta nini?"

Nilikuwa nimepiga magoti, nachambua sufi kiganja kwa kiganja, jasho linanitoka. Kiganja cha mwisho. Hakuna.

Evarista, simu juu: "Anatafuta alichokiweka! Si niliwaambia? Si niliwaambia jamani?"

Nikashika lile ganda la mto lililobaki, nikalipitisha vidole kwenye kingo. Ndipo nikaona.

Upande mmoja, pale nilipofungia kwa uzi wa kijani, kulikuwa na nafasi ya vidole viwili iliyoshonwa upya. Kwa uzi mweusi. Mishono mirefu, fundo liko nje.

Mimi fundo silitoi nje hata unilipe.

Mtu aliufungua huu mto kabla yangu.

Nani? Na alitoa nini? Au aliweka nini?

"Mkwe."

Rozalia alikuwa amesimama juu yangu. Uso haukunionyesha kitu. "Inuka. Njoo jikoni."

Nikaenda kama mtoto anayekwenda kuchapwa.

Jikoni moshi ulikuwa mwingi, masufuria ya watu yamejaa. Akawatoa wapishi, akafunga mlango. Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa kipande cha nailoni, akakikunjua taratibu.

Sindano. Na mkia wa uzi wa kijani.

"Hii hapa," akasema. "Ilinifanya nisikae vizuri wiki nzima."

Nikakaa juu ya gunia la mkaa.

"Umeipataje?"

"Mama yangu alinifundisha, kitu cha kulalia mtoto, bibi hukilalia kwanza. Usiku mmoja. Mto ulipofika nikaulalia mimi." Akageuza shingo. Chini ya sikio kulikuwa na kialama chekundu, kimeanza kukauka. "Nikashtuka, nikakaa kitandani. Nikasema, huyu mkwe wangu ananichukia kiasi hiki?"

"Mkwe, mimi? Mungu wangu anaona..."

"Ngoja. Nikautazama ule uzi. Nikasema, mchawi gani anasahau uzi kwenye sindano? Huyu ni fundi aliyekimbizwa na basi." Akacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Nikaitoa, nikauziba. Kushona sijui, umeona mwenyewe."

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Evarista yuko hapa nami tangu Jumapili. Ningesema sindano, ungezikwa ukiwa hai. Nikasema nitakupa mkononi tukionana."

Mimi nilinyamaza nikimwogopa yeye. Yeye alinyamaza akinificha mimi. Na lile "sawa" lake? Nilimuuliza baadaye. Sikio lake moja halisikii vizuri kwenye simu, anaona aibu kusema. Anajibu sawa kwa kila kitu.

"Sasa nipe niitupe chooni," akasema. "Tutawaambia ni homa. Mzee ana homa, nani atamlaumu?"

Niwaambie ukweli, nilitamani. Mkono ulikuwa umeshaanza kumpa.

Lakini nje nilimsikia Evarista akimwambia Violet, "Kuanzia leo mtoto asibebwe na yule bibi." Na Violet kimya.

Nikamkumbuka fisi wa Shija.

Nikatoka na sindano nimeinyanyua. Nikaomba kwaya izimwe. Nikasema yote: honi ya bajaji, homa, sita badala ya saba, Severina, sumaku, hofu. Rozalia akaja akasimama karibu yangu, akawaonyesha shingo.

Sufi bado inaelea.

Evarista akakohoa. "Sasa kwa nini hukupiga simu tangu jana ukasema?"

"Nilipiga. Nikasikia sauti yako."

Mzee mmoja nyuma akaangua kicheko, turubai zima likafuata. Evarista akaishusha simu, akaanza kuokota sufi kwenye wigi.

Nikadhani yamekwisha. Nikamgeukia Violet, nimenyoosha mikono nimpokee mjukuu.

Hakucheka.

"Mama," akasema, akiniangalia. Akamgeukia mama yake. "Na wewe mama. Mmoja alijua tangu jana. Mwingine alijua wiki nzima. Mlifichana, mkafichiana, mkaogopa watu." Akamvuta mtoto kifuani. "Aliyekuwa anamlaza mtoto hapo ni mimi. Mimi nilikuwa nani?"

Akaingia ndani na mtoto. Komeo likalia.

Hilo hamkuliona kwenye video. Simu zilishashushwa.

Wageni wakarudi kwenye pilau polepole. Mimi na Rozalia tukakaa kwenye mkeka, tukaokota sufi yote, tukaipekua upya. Nikashona upande wangu, akashona wake. Nikataka kumrekebishia fundo, nikajizuia. Kila baada ya mishono mitatu tunatazama ule mlango.

Jua lilikuwa limeshaegemea milima komeo lilipolia tena.

Violet akatoka, mtoto begani, macho mekundu. Akauchukua mto, akauminya kona zote nne. Akaulaza mkekani, akajilaza mwenyewe, shavu hili, akageuka, shavu lile. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Leo bibi hapimi," akasema. "Napima mimi."

Ndipo akamlaza Tusekile.

Kisha akasema, bila kututazama, "Mama, hujala tangu asubuhi. Pilau ipo. Ina sufi kidogo."

"Ndaga, asante mwanangu," nikasema, nikala na sufi yake.

Nimeandika haya kwa sababu kila mmoja wetu ana sindano yake mahali. Ulikosea, unajua ulipokosea, unangoja upate nafasi ya kuitoa bila watu kuona. Usingoje. Na usimwambie jirani, mwambie yule anayelala hapo. Aibu yako itachoma siku moja, halafu itapoa.

Sasa hivi kimto changu kina sindano sita. Ya saba amebaki nayo Rozalia, anajifunza kushona. Kila jioni nahesabu, kisha nampigia, napaza sauti mpaka Severina anasikia kwake.

"Mkwe! Ya kijani ipo?"

"Ipo!"

Saba. Ndiyo nalala.