Miwani ya Mpogoaji

Kila siku ya soko, yule jirani yangu anayepogoa michai huja kwenye meza yangu ya kuuzia hapa Kimulot kutafuta miwani ya wakimbiaji, ile inayofunika macho hadi pembeni. Ana kichwa kikubwa na jicho moja. La pili lilitobolewa na kijiti kilichorushwa na panga lake mwenyewe. Kabla ya kujaribu miwani hufumba lile lililobaki asije akalidunga, na kila miwani humfinya juu ya masikio. Jana nilimpatia moja pana, ikamkaa vizuri kabisa. Akiwa bado amefumba jicho, akaanza kujipapasa uso haraka haraka.

“Bado iko?”

“Iko, mzee.”

“Mbona siisikii?” Akaivua, akachukua ile ndogo iliyomfinya soko lililopita. “Hii ikinifinya, najua iko.”