Nyimbo Nilizozirekodi Bila Kuzisikiliza

Naikumbuka siku moja, mwanangu, niliposimama mbele ya jeneza nikashindwa kuimba. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa letu hapa Chang'ombe. Tuliyekuwa tunamzika ni kaka Elia, aliyenifundisha sauti hiyo. Katika sauti hiyo tulikuwa wawili tu.

Desturi ya kwaya ilikuwa kunakili nota kwa mkono kwenye daftari, kisha kuziimba mpaka zikae. Mie niliona huo ni ushamba. Nilikuwa na simu yenye kurekodi, basi Elia akiimba, nami nabonyeza. Daftari langu lilibaki jeupe kama sahani iliyooshwa, lakini nyimbo zote nilikuwa nazo, na moyo umetulia. Utulivu huo ndio ulioniponza.

Siku hiyo ya mazishi mke wa Elia, Mama Upendo, aliomba tuimbe wimbo alioupenda mumewe. Ubeti wa tatu huanzwa na sauti yetu peke yake. Mwalimu wa kwaya akaninyooshea mkono, nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Simu ilikuwa mfukoni, lakini wahenga walishasema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwalimu akaruka hadi ubeti wa nne. Mama Upendo akainamisha kichwa. Aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Wiki mbili baadaye nikampelekea simu asikie sauti ya mumewe, nikidhani nalipa kosa. Tukasikiliza. Elia akaimba, akanyamaza, akauliza, "Umeishika, mdogo wangu?" Sauti yangu ikajibu, "We endelea tu kaka, inarekodi." Halafu nikasikika nikicheka na mtu mwingine pembeni.

Mama Upendo hakunigombeza. Alisema, "Baba Upendo alikuwa anatoka kazini kachoka, anakuja kukufundisha wewe. Hakuja kuifundisha simu." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mwanangu, nakuona unapiga picha ubao mzima wa mwalimu, unahifadhi, unalala ukijua somo unalo. Mtihani ukikaribia unatetemeka, unasema una msongo wa mawazo. Sikucheki, na simu hata mie ninayo. Ila kuhifadhi si kujua, na roho huijua tofauti hiyo hata ukiidanganya, ndiyo maana haitulii. Rekodi ukitaka, lakini kwanza sikiliza. Andika kwa mkono wako, rudia mpaka uweze bila kuchungulia. Na anayekufundisha akikuuliza kama umeelewa, mtazame usoni ndipo umjibu, maana hujui atakuuliza mara ngapi tena.

Mungu akutunzie walimu wako, mwanangu, akupe na moyo wa kuwasikiliza wangali hai.