Nyumba Iliyobaki na Ukuta Wake

Watu wakisikia nilifanya kazi kwenye kampuni ya nyumba hudhani nilikaa kivulini nikichezea funguo. Laiti wangejua. Nilikuwa kapitao, yaani msimamizi, wa nyumba za kupangisha pale Kashikishi, kando ya ziwa, nyumba za matofali zenye mabati, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa samaki. Nilizibua mifereji, nikapaka chokaa, nikamwambia kila mpangaji mpya kwamba harufu ya samaki waliokauka itatoka kutani madirisha yakifunguliwa. Haikutoka hata siku moja. Ilikuwa imeshaingia kwenye plasta, kama ilivyokuwa imeingia kwenye nguo zetu na nywele zetu.

Shida yangu ilianza na mpangaji wa nyumba ya mwisho, karibu na maji. Alikuwa mfanyabiashara kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, mtu wa kucheka sana. Homa ilimchukua upesi. Ndugu zake walivuka ziwa na mitumbwi miwili kuja kumzika, na kwa desturi ya kwao maiti haitoki kwa mlango. Huvunjwa tundu ukutani, maiti ikapita hapo, kisha tundu likazibwa, ili kifo kikitaka kurudi kisiijue njia.

Kwenye nyumba ya udongo hiyo ni kazi ndogo tu. Hii ilikuwa ya matofali, na siku hiyo meneja wetu, muzungu aliyeletwa kutoka mji wa migodi, alikuwepo. Nilimtafsiria maneno yao taratibu, tena kwa heshima. Akasema hakuna mtu wa kugusa ukuta wake. Kaka wa marehemu akaahidi kuujenga upya yeye mwenyewe. Meneja akasimama mbele ya ukuta ule mikono kiunoni mpaka maiti ikatolewa mlangoni.

Akawa ameokoa ukuta wake. Basi, atafute mtu wa kulala ndani!

Habari zilienea sokoni. Hata sisi tusio wa kabila lile tulikuwa tumeishi na desturi zao muda mrefu, na hakuna aliyetaka kujaribu. Meneja alipoona nyumba haina mtu aliniita. Akasema mimi nahama kwenye chumba changu cha nyuma ya stoo, nakwenda kulala mle na mke wangu. Watu wakiona moshi wa jikoni, watasahau. Nisipotaka, niache funguo mezani. Ila kwanza alinipa mpaka mwisho wa mwezi nitafute mpangaji; nikimpata, nisihame.

Mke wangu alikuwa mjamzito, mimba yetu ya kwanza kukaa baada ya mbili kuharibika. Nilipomwambia, hakupandisha sauti.

"Awe, tata," alisema akitikisa kichwa. "Mu nyumba ya lufu, ya kifo, sitalala na hii mimba. Ukiingia kule, mi nenda kwa mama, ku Puta."

Nilimjua mke wangu. Neno lake lilikuwa moja.

Nikaitembeza nyumba ile kama muuza kuku mgonjwa. Nilifagia, nikapaka chokaa mpya, nikaacha milango wazi upepo wa ziwa uingie. Mwalimu mmoja alifika mpaka barazani akakumbuka ana safari. Mwishowe akaja mfanyabiashara mgeni kutoka ng'ambo. Akapiga sakafu kwa kisigino, akatazama bati, akatabasamu.

"Nyumba ni muzuri, patron," akasema. "Sima ya hii sakafu iko nguvu. Ule mutu alikufaka humu, balimutosha inje na wapi?"

Kumbe alikuwa ameshasikia. Ningeweza kusema uongo, na kazi yetu ilikuwa imenifundisha uongo wa kutosha, lakini soko zima lilijua.

"Na mulango," nikasema.

"Hii hii?" Akarudi kinyumenyume mpaka nje. "Aah. Merci, kaka. Ninakuhurumia."

Meneja naye hakunihurumia. Mwezi ulipokwisha nilihamisha kitanda. Mke wangu alifunga nguo zake kwenye kitenge akapanda boti ya wauza samaki inayokwenda Puta. Mnyonge hana haki. Nyumbani hatukuwa na nyavu wala mtumbwi, na kazi nyingine sikuiona. Ningeacha funguo, mtoto angezaliwa kwa baba asiye na kitu. Ndivyo nilivyojiambia. Mimi Mkristo niliyebatizwa nilisali kila jioni, kisha nikaenda kulala jikoni, kwa sababu vyumbani sikuthubutu. Moshi wangu ulionekana vizuri kutoka sokoni. Hakuna aliyesahau.

Habari ya mtoto ililetwa na mwenye boti. Msichana, mzima, na mama yake mzima. Niliomba ruhusa, nikanunua kanga ya kumbebea, nikasafiri moyo ukinidunda kwa furaha, furaha ya kwanza tangu nihame.

Mke wangu alinikuta uani kabla sijaufikia mlango wa mama yake. Alikuwa amekonda. Aliinua mkono.

"Bakia palepale, tata. Unatoka mu nyumba ile. Mutoto angali muchanga."

"Nimeoga," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Ukihama kule, utamubeba."

Akaingia ndani, akatoka na mtoto, akafunua uso wake na kumgeuza upande wangu. Mama mkwe alisimama nyuma yake akitazama chini. Nikamtazama binti yangu kutoka upande wa pili wa ua, kama mtu anayeonyeshwa kiwanja cha mwenzake. Alipiga chafya. Nikaiweka kanga juu ya kinu, nikarudi nyuma, ili mke wangu aweze kuja kuichukua.