Mbuzi Aliyekula Utepe wa Mgeni Rasmi

Wajukuu zangu siku hizi wanajua kilichotokea Ulaya kabla uji haujapoa. Sisi hapa Mgwashi, ile miaka ya ujamaa, habari zilikuwa na njia mbili tu. Njia ya kwanza ni redio ya duka la kijiji. Betri zikichoka zilianikwa juu ya bati zipigwe jua, zikapata uhai kidogo. Lakini ukungu ukishuka ukakaa wiki nzima, jua halionekani, redio imenyamaza, na sisi hatujui dunia imeamkaje.

Njia ya pili ni gazeti, na gazeti lilikuja na chumvi. Muuza duka alilifungia chumvi, akafungia dagaa, akafungia na majani ya chai. Ukifika nyumbani unakung'uta chumvi, ndipo unapata habari. Sukari imefika Tanga. Nayo imekwisha kuliwa zamani. Wasichana wameonywa juu ya nguo fupi. Vijana wameonywa juu ya suruali pana. Hapa kwetu suruali pana zilikuwepo, ila ni zile mtu alizorithi kwa marehemu aliyemzidi unene.

Mimi Yunis kazi yangu ilikuwa kukung'uta. Msomaji alikuwa mume wangu Silvano, aliyesoma misheni mpaka darasa la pili. Jioni wanaume walikuja kwetu, naye akawasomea kwa sauti ya padri, maneno magumu akiyaruka kama mtu anayeruka mfereji. Nikiuliza jambo ananijibu, "Mama Paskalina, wewe angalia chungu chako."

Ndipo kikaja kisomo cha watu wazima. Mwalimu wetu alikuwa Hadija, binti wa Issa fundi cherehani, ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba. Anaingia, anatuamkia shikamoo mmoja mmoja kwa adabu zote, tunaitika marahaba, halafu anatuamrisha tusimame, na wazee wazima tunasimama.

Silvano alipojua nimejiandikisha alicheka mpaka akakohoa. Akasema mbele ya wale wanaume wake, "Siku utakayosoma gazeti kwenye mkutano wa kijiji, mimi nitatoka kisimani na debe la maji kichwani, na ngata chini yake, nipite mbele ya duka."

Mjue kwamba kwetu mwanamume hubeba begani. Kichwa na ngata, yaani ile kata ya majani ya mgomba, ni mambo ya wanawake. Mwanamume akionekana na ngata, habari zake zinafika Bumbuli kabla yeye hajatua mzigo. Kwa hiyo wanaume walicheka sana. Mimi nikasema, "Umesema mbele ya watu, Baba Paskalina." Nikarudi jikoni.

Toka siku hiyo sikuwa na jambo jingine duniani. Niliandika kwa mkaa ukuta wa jiko mpaka ukawa mweusi. Nilisoma kila karatasi ya chumvi. Maharage yaliungua, nikayapakua hivyo hivyo, na Silvano akayala.

Ikafika siku ya mkutano. Watu walijaa uwanja wa shule, na Mwenyekiti wetu, mzee Kornelio, akatangaza kwamba wanakisomo watasoma. Hadija akanipa kitabu chetu. Nikakataa, nikasema yaliyosemwa nyumbani kwangu ni gazeti. Silvano akainuka anatabasamu. Akachomoa mfukoni gazeti lake la kusokotea tumbaku, akanipa, akawaambia watu ni vizuri nisome lake, nisije nikawa nimekariri.

Nikakaza kanga kiunoni. Nikaanza neno kwa neno. Katika kijiji kimoja huko bara palikuwa na sherehe ya kufungua kisima. Mgeni rasmi alihutubia kwa muda mrefu. Alipomaliza na kupewa mkasi, ikaonekana mbuzi amekwisha kula utepe. Viongozi wakashauriana. Ndipo mgeni rasmi akachukua mkasi, akamwendea yule mbuzi, na

Karatasi ikaishia hapo.

Watu walikuwa wanacheka. Silvano akapaza sauti. "Mnaona? Anatunga huyu. Serikali ichape gazeti kwa habari za mbuzi?"

Kicheko kikakatika. Nikaona wanawake wenzangu wanatazama chini, na hapo nikaogopa kweli, maana nikishindwa mimi wote watarudishwa jikoni. Hadija akataka kuja kuitazama ile karatasi, nikamzuia kwa mkono. Akinisaidia, watasema kasoma yeye. Nikaigeuza. Ukingo ulikuwa umechanwa kipande chembamba, kilichonyooka, kama mtu anavyochana akitaka kusokotea tumbaku. Nikamtazama mume wangu kichwani.

Nikasema, "Mwenyekiti, mwisho wa habari uko nyuma ya sikio la Baba Paskalina."

Msokoto ulikuwa hapo, bado haujawashwa. Silvano akaufunika kwa kiganja. Watu wote sasa walitaka kujua yaliyompata mbuzi. "Mgosi, bwana, toa," wakamwambia. Mzee Kornelio akautoa yeye mwenyewe, akamwaga tumbaku kwenye kofia ya Silvano, akakiunganisha kipande na karatasi yangu mbele ya macho ya watu. Vikakutana sawasawa. Nami nikasoma: mgeni rasmi akakata kamba aliyofungwa yule mbuzi, akatangaza kisima kimefunguliwa, na mbuzi akakimbia akaingia kwenye mahindi ya katibu.

Vigelegele vya siku ile sijavisikia tena hata harusini.

Kesho yake Silvano aliamka kabla hakujapambazuka, akachukua debe akinyata. Nikamwambia alirudishe chini, duka halijafunguliwa. Akasubiri. Jua lilipotoka nikamsokotea ngata kwa mikono yangu, ya majani mabichi, maana mume wangu namheshimu.

Alipopanda kutoka kisimani, watu walikuwa wamejipanga pande zote za njia. Wanawake wakamfundisha: nyoosha shingo, mgosi, usitazame miguu. Maji yakamwagikia kwenye kola. Alipolikaribia duka akaanza kuharakisha.

Nikamwambia, "Taratibu, Baba Paskalina. Usimwage maji yangu."

Akapunguza mwendo.