Kipimo cha Wiki ya Matanga

Ofisini kwetu Thika, miaka ya tisini, mimi ndiye niliyeachiwa kuchagua programu ya kuchora grafu za kina cha mto Chania. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ulilazimika kuiandikia amri mstari kwa mstari, na siku isiyo na kipimo iliiacha wazi. Ya pili ilikuwa na rangi, ukibonyeza popote kwenye grafu inakupa namba, na pengo lolote inaliziba yenyewe. Nikachukua ya pili. Nilitaka wageni wa mkubwa wetu wa kazi washangae, basi.

Vipimo vilitoka kwa mama mmoja wa hapo Thika, aliyeshuka mtoni kila asubuhi na daftari lake. Nilipomwonyesha kazi yangu, aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Bonyeza hapa, kijana."

Nikabonyeza. Ikatokea namba, pamoja na desimali zake.

"Hii wiki sikuja," akasema. "Tulikuwa tunamzika mzee wangu. Nani alipima?"

Nilijua vizuri. Alikuwa ameacha nafasi saba tupu daftarini, na mimi mwenyewe nilienda matangani kwake, nikala na kushiba. Bado nikamjibu kwa kiburi, "Mama, kompyuta inajua."

Alifungua daftari, akatoa kalamu, akaniomba nimsomee namba za siku zote saba. Nikamsomea moja moja, naye akazijaza, kwa mwandiko wake safi, kwenye siku alizokuwa akimlilia mumewe.